Njia Iliyoyakataa Magurudumu

Siku hizi ukisimama kando ya barabara yoyote kubwa ya mjini hutakaa muda mrefu kabla hujaliona: Land Cruiser au Land Rover iliyoinuliwa juu kama kitanda cha mgonjwa, matairi yametokeza nje ya madigadi, kijana ndani ametoa kiwiko dirishani. Kijiweni maneno yanakatika kidogo. Mmoja atasema, "Huyo mtu wa porini huyo." Mwenzake atajibu, "Porini wapi? Hilo halijawahi kuvuka Kibaha." Watu wanacheka, gari limekwenda zake.

Mimi kwetu Tabora, na kicheko hicho nakielewa vizuri. Ila naomba msomaji tusikiache hapo. Habari ya kubadilisha gurudumu ili lipite pasipopitika haikuanzia kwenye magazeti ya magari ya Wamarekani, wala haikuletwa na watalii. Kwenye njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa, ikaingia Unyanyembe na kwenda kuishia Ujiji, watu wamebishana na gurudumu kwa zaidi ya miaka 150. Na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo gurudumu ndilo lililoshindwa. Nani alishinda? Hapo ndipo vitabu vingi vinapokuwa na haraka ya kufungua ukurasa mwingine.

Tuanze na njia yenyewe. Tukisema "njia kuu ya biashara" mtu anaweza akapata picha ya barabara. Hapana. Kilikuwa ni kijia cha miguu, upana wake mtu mmoja. Msafara wa watu mia tano ulitembea mmoja nyuma ya mwingine, kirangozi mbele, nyapara nyuma akisukuma wavivu na wagonjwa. Kijia kilipinda. Mti ukianguka katikati, watu waliuzunguka, na mwaka uliofuata mzunguko ule ndio umekuwa njia. Mti ukaoza, kona ikabaki. Kutoka pwani mpaka Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba. Misafara ya Wanyamwezi wenyewe, isiyokuwa na wazungu wa kuuguza njiani, ilikwenda upesi zaidi.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili. Frasila moja ni ratili 35, kwa hiyo sema kilo 32 hivi, bila kuhesabu mkeka wake, chungu chake, posho yake na silaha yake. Mtu wa pwani aliubeba kichwani. Mnyamwezi aliuweka begani, na bega lake lilikuwa na sugu ya kazi hiyo. Pembe ya ndovu iliyomshinda mtu mmoja ilifungwa kwenye mzegazega, wawili wakaichukua. Wake zao wengine walikuwemo humo humo msafarani, na sufuria na watoto. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa njiani kila mwaka katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Kijana wa Unyamwezi ambaye hajafika pwani aliitwa bado mtoto, na kupata mke ilikuwa kazi.

Basi wapo walioandika, na wapo wanaosema mpaka leo, kwamba Mwafrika alibeba kichwani kwa sababu hakulijua gurudumu. Maneno haya yanaudhi, lakini ubaya wake mkubwa ni kwamba si kweli. Gurudumu lililetwa. Lililetwa tena na tena, na watu wenye fedha, wenye mafundi na wenye hamu kubwa ya kuwakwepa wapagazi na mishahara yao. Tuhesabu.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, alitengenezewa mkokoteni kule Zanzibar. Alikuwa ameshasikia kuwa njia ni nyembamba, kwa hiyo mkokoteni wenyewe ulifanywa mwembamba: upana inchi 18, urefu futi 5, magurudumu mawili ya gari jepesi la Kimarekani. Hesabu yake karatasini ilikuwa nzuri mno. Punda mmoja angevuta frasila nane, yaani kazi ya wapagazi wanne. Akajiona kawapata. Njiani mkokoteni ulikwama, ukachelewesha, ukavunja watu moyo, na mwishowe ukatupwa msituni. Mizigo ikarudi mabegani. Msomaji angalia jambo moja hapa: Stanley hakuleta tu gurudumu, alilibadilisha kwanza lifanane na njia. Yeye alipunguza. Vijana wa leo wanaongeza. Ugonjwa ni ule ule, dawa tofauti.

Waliofuata walikuwa wamisionari. Roger Price wa London Missionary Society alikuwa amefanya kazi kusini mwa Afrika, ambako gari la ng'ombe ndilo lililokuwa lori. Akajiuliza: kwa nini huku lisitembee? Mwaka 1876 alitoka Saadani na ng'ombe wachache wa kujaribia, akafika mpaka Mpwapwa, akarudi na habari njema kwamba ng'ombe wamefika salama. London wakafurahi. Mwaka 1877 yakaja magari yenyewe, makubwa, na ng'ombe wa kuyavuta. Alexander Mackay wa misheni nyingine, Church Missionary Society, naye alikuwa akikata barabara sehemu hizo hizo. Magari yakazama matopeni, na ng'ombe wakaanza kufa, mmoja leo, wawili kesho. Ndorobo. Mdudu mdogo kama inzi, anayekunja mbawa zake moja juu ya nyingine kama mkasi, ndiye aliyeandika sera ya uchukuzi ya nchi hii kwa muda mrefu kuliko gavana yeyote. Waliobaki wa kikundi kile waliyaacha magari, wakaajiri wapagazi, wakafika Ujiji mwaka 1878.

Sitakaa sana kwenye tembo, ingawa najua wengine mngependa. Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka 1879 aliagiza tembo wanne kutoka India, wakateremshwa Msasani, ili watembezwe mpaka Karema pwani ya Ziwa Tanganyika. Ati tembo haogopi ndorobo. Kama huyo wa India hakuogopa, basi njaa, mzigo na uchovu havikumuogopa yeye. Walikufa. Carter, aliyewaongoza, aliuawa mwaka 1880 vitani wakati majeshi ya Mirambo yalipovamia. Hebu fikiri: Afrika, nchi ya ndovu, inaletewa ndovu kwa meli ili wabebe mizigo ambayo kwa sehemu kubwa hulipwa kwa pembe za ndovu.

Anayenivutia zaidi ni Edward Hore, baharia aliyekuwa pamoja na wale waliofika Ujiji 1878. Huyu alijifunza. Alitaka mashua ya chuma ziwani, na mashua ya chuma huwezi kuikata vipande vya frasila mbili mbili. Kwa hiyo mashua, jina lake Morning Star, ilikuja vipandevipande vikubwa, na kila kipande kikawekwa juu ya kigari chake kilichotengenezwa makusudi. Wa kuvuta? Si ng'ombe, si punda. Watu. Wanaume na kamba mabegani, kupanda milima ya Usagara, kuvuka Ugogo ambako maji ni ya kununua, kupita Unyamwezi, mpaka Ujiji. Mwaka 1883 mashua ikaunganishwa, ikaelea. Hiki ndicho chombo cha magurudumu kilichoimaliza njia ile, na sababu yake ni kwamba injini yake ilikuwa ni mtu, mwenye akili ya kuona jiwe kabla gurudumu halijaligonga, anayeweza kunyanyua kigari chote na mzigo wake pale gurudumu linapokataa, na asiyeuawa na ndorobo kwa wepesi wa ng'ombe.

Mwaka uliofuata Hore akamleta mke wake, Annie, na mtoto wao mdogo. Bi Annie alisafirishwa kwenye kiti cha magurudumu cha aina iliyotumiwa na wagonjwa na vikongwe kwenye miji ya mapumziko ya Uingereza, kile unachokaa mtu anakusukuma taratibu kando ya bahari. Naomba ukione kiti hicho katikati ya miombo. Sehemu kubwa ya safari hakikusukumwa. Kilining'inizwa kwenye miti, wapagazi wakakibeba, yeye ndani, wakipokezana. Alipoandika kitabu chake, kilichotoka London mwaka 1886, alikiita *To Lake Tanganyika in a Bath Chair*. Kwenye jina la kitabu kiti kimepanda. Mabega hayakupanda.

Simlaumu sana mama yule. Alikuwa na mtoto mikononi na homa njiani, na watu waliombeba anawataja. Nalaumu mtindo. Ukienda Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwenye tembe walikokaa Stanley na Livingstone, utaonyeshwa chumba cha Livingstone. Ni vizuri. Uliza chumba cha wapagazi kilikuwa wapi, uone mwongozaji atakavyokutazama.

Halafu ikaja petroli.

Tarehe 10 Agosti 1907, Paul Graetz, ofisa wa jeshi la Kijerumani aliyewahi kutumika katika koloni hili, aliondoka Dar es Salaam kwa gari. Nia yake kuvuka Afrika yote kutoka Bahari ya Hindi mpaka Atlantiki. Gari lilitengenezwa Gaggenau, kusini mwa Ujerumani, na halikuwa gari la dukani. Liliundwa kwa ajili ya safari hiyo: chesisi imeinuliwa mbali na ardhi, magurudumu marefu, injini ya silinda nne, nafasi ya kubebea mafuta mengi na maji mengi. Kwa lugha ya gereji za leo, lilikuwa limeshainuliwa kabla halijapanda meli. Kama unatafuta babu wa magari yale yanayonyamazisha kijiwe, huyu hapa, na alipitia Tabora.

Alimaliza. Aliingia Swakopmund, Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909, baada ya miezi 20 na siku zake na karibu kilomita 9,500. Piga hesabu mwenyewe: wastani ni kama kilomita 15 kwa siku. Mpagazi wa Kinyamwezi mwenye frasila mbili begani angemwacha. Ni kweli siku nyingi Graetz alikuwa amesimama, anasubiri vipuri, anatengeneza, anajengewa njia ya kuvukia mto. Lakini kusimama nako ni sehemu ya safari, muulize dereva yeyote wa Tabora.

Jambo ninalopenda kuwauliza wenzangu ni hili. Petroli na vipuri vya Graetz vilitangulizwa vituoni mbele yake. Mwaka 1907 reli ilikuwa inajikongoja kuelekea Morogoro tu. Pampu ya mafuta ilikuwa haijazaliwa nchi hii. Sasa madebe yale yalifikaje Mpwapwa, Kilimatinde, Tabora? Hakuna kingine kilichokuwa kikipanda njia ile na mizigo isipokuwa bega. Kwa hiyo gari la kwanza la aina yake lilitembea juu ya mafuta yaliyotembea kwa miguu. Ukilitazama hivyo, lile lilikuwa ni msafara wa zamani tu, wenye kirangozi anayetoa moshi.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na hapo ndipo njia ya Bagamoyo ilipokufa kama njia ya biashara. Gurudumu lilishinda kwa kuacha kubishana: lilijiletea barabara yake ya chuma. Meli tunayoiita leo Liemba ilipita humo, vipandevipande ndani ya masanduku, kama Morning Star, ila safari hii hakuna aliyevaa kamba begani.

Lakini ushindi wa reli ulidumu pale tu palipokuwa na reli. Vita ya 1914 ilipofika huku, majeshi yaliingia porini na malori yao, masika yakaanza, malori yakazama. Wanyama wakafa kwa ndorobo kama ng'ombe wa Price. Wabelgiji na askari wao wa Kongo waliingia Tabora Septemba 1916, na nyuma ya kila jeshi, la Mjerumani, la Mwingereza na la Mbelgiji, kulikuwa na mistari ya watu wenye mizigo, safari hii si kwa mkataba wa doti za nguo bali kwa kukamatwa. Mpagazi wa miaka ya 1870 aliweza kugoma, kukimbia, kudai posho. Huyu wa 1916 alifungwa kamba. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa kuhara na njaa, si kwa risasi. Waingereza waliliita jeshi lao la wabebaji Carrier Corps. Mdomo wetu ukaligeuza: Kariakoo. Ndiyo, Kariakoo hiyo hiyo ya Dar es Salaam, unakokwenda kubembelezana bei ya rimu na tairi la mtumba.

Baada ya vita ya pili likaja jaribio kubwa kuliko yote, na lilikuja mpaka Urambo, makao ya Mirambo mwenyewe, yule mtemi aliyewafungia Waarabu wa Tabora njia ya Ujiji mwaka 1871. Serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga: ekari zaidi ya milioni 3, mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Kazi ilianza Kongwa 1947, ikafuata Urambo na Nachingwea. Matrekta hayakutosha, kwa hiyo vifaru vya vita aina ya Sherman vilichukuliwa, kiwanda cha Vickers kikavivua mizinga na kuvigeuza kuwa trekta, vikaitwa Shervick. Haya basi, wapenzi wa kubadilisha magari, mnasemaje? Chombo kilichoundwa kupita juu ya mahandaki kilipewa visiki vya miombo. Visiki vikakipa jibu. Mzizi wa miombo huwa haung'oki kwa kusukumwa juu. Unakatika, unabaki chini, na jembe linalofuata ndilo linaloukuta. Udongo wa Kongwa ulikauka mpaka karanga hazikuchimbika. Mwaka 1951 mpango ukafungwa na pauni milioni 36 zikafutwa kwenye daftari. Urambo ilikuja kupona baadaye kwa tumbaku, jembe la mkono na watu wenye subira.

Je, hakuna gurudumu lililokubaliwa na kijia cha mpagazi? Lipo, na wala halikushangiliwa na mtu. Ni baiskeli. Fikiria: mkokoteni wa Stanley, magari ya Price, gari la Graetz, vyote vilikuwa na magurudumu yaliyopangwa kushoto na kulia, vikihitaji njia mbili pale palipokuwa na moja. Baiskeli imepanga yake mbele na nyuma. Inapita pale pale unapopita mguu. Mafundi wetu wakaibadilisha: keria ya nondo iliyochomelewa, spoku nene, fremu imewekewa bomba la pili. Gunia la mkaa, debe la asali, mgonjwa wa kupelekwa zahanati, bwana harusi. Na miaka hii pikipiki imechukua kazi hiyo hiyo kwenye vijia vile vile. Katika magari yote yaliyofanyiwa ufundi kwenye njia hii, naona hili ndilo lililostahili kuandikiwa kitabu.

Sasa turudi kwenye tairi kubwa, maana sikusema kwamba ni upuuzi. Tangu miaka ya 2010 lami imeingia Tabora kutoka Nzega, kutoka Urambo, na baadaye kutoka upande wa Manyoni. Lakini toka nje ya lami, nenda kwa warina asali wa Sikonge, kwa wakulima wa tumbaku ndani ya Kaliua, au kuelekea mto Ugalla, ambako pori la akiba lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Kiangazi ni mchanga na visiki. Masika ni mbuga, udongo mweusi ule unaoganda kwenye tairi mpaka tairi linakuwa andazi.

Fundi mmoja anayefanya kazi chini ya mwembe pale Isevya alinifundisha jambo ambalo nadhani nusu ya wenye magari yaliyoinuliwa hawalijui. "Dogo," akasema, "ukiongeza springi umeinua bodi. Difu umeiacha pale pale. Kisiki hakigongi bodi, kisiki kinagonga difu." Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Na tairi nalo ni bahili. Chukua tairi la kawaida la Land Cruiser ya kazi, lile la inchi 16 la rimu. Kimo chake chote ni kama sentimita 80. Funga lenye kimo cha inchi 35, karibu sentimita 89. Umeongeza sentimita tisa, siyo? Lakini ekseli iko katikati ya tairi, kwa hiyo difu imepanda nne na nusu tu. Upana wa vidole vitatu. Kwa vidole hivyo vitatu utalipa mengi.

Utalipa hivi. Ukikata kona tairi litasugua madigadi na chesisi, kwa hiyo unainua springi si kwa maringo bali kwa kulipisha tairi, au unakata bati. Mshale wa spidi utakudanganya: ukisoma 80 uko kama 89, na trafiki hatakubali historia. Gia zote zimekuwa ndefu kuliko zilivyoundwa, gari linakuwa zito kuondoka na linahema mlimani, hata wengine hulazimika kubadili meno ya difu. Breki, ambazo ni zile zile, zinashika gurudumu lenye nguvu zaidi ya kuzibishia. Beringi na stelingi zinachoka mapema. Na kimo kikizidi, gari linakuwa rahisi kulala ubavu.

Na upana? Hapo mafundi wenyewe hugombana, na mimi nimewasikiliza mpaka chai ikapoa. Kwenye mchanga, tairi pana lililopunguzwa upepo linaelea, halichimbi. Kwenye tope lenye chini ngumu, tairi jembamba na refu linakata mpaka chini na kupata pa kukanyaga. Kwenye mbuga halisi ya Februari, isiyokuwa na chini, mzee wa Isevya anasema tairi bora ni lile uliloliacha nyumbani.

Yeye mteja akija na picha kwenye simu, anataka afanyiwe kama ile, hachukui spana kwanza. Anamuuliza, "Mjomba, unakwenda wapi na gari?" Wengine husema mjini, kwenye harusi, na hao huwapa bei ya rangi na bampa akawaacha waende. Akitajiwa Ugalla, au Kaliua ndani huko kwenye tumbaku, anatandika gunia, analala chini ya gari na kuanza kupima, kutoka ardhini mpaka kwenye tumbo la difu.